Upangaji na Ufuatiliaji wa Kazi katika Programu za Usimamizi wa Makundi ya Panya wa Maabara

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna programu za kompyuta zinavyotumika kupanga na kufuatilia kazi za kila siku katika makundi ya panya wanaofugwa kwa ajili ya utafiti. Hoja yake kuu ni kwamba ratiba ya ufugaji huo hutokana na matukio ya mwili wa mnyama, yaani kupandana, kuzaa, kunyonyesha na kubalehe, wala haifuati kalenda ya ofisi. Kwa kutumia mfano wa uzao mmoja, makala inaonyesha kwamba mgongano kati ya ratiba ya mnyama na sikukuu ya watu unaweza kuonekana siku 40 kabla haujatokea, iwapo tukio la awali limeingizwa mapema na kazi zinazolifuata zimefungamanishwa nalo. Aidha, makala inajadili hali mbalimbali za kazi, umuhimu wa kutenganisha kazi iliyofanyika na kazi iliyoahirishwa, pamoja na changamoto za matumizi ya programu hizo katika mazingira ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: panya wa maabara, kundi la ufugaji, upangaji wa kazi, ufuatiliaji, ustawi wa wanyama

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa nasaba za panya zinazotumiwa zaidi katika maabara duniani ni ile iitwayo C57BL/6. Namba iliyomo katika jina hilo ni kumbukumbu ya mfugaji. Mwaka 1921 mwanasayansi wa Marekani Clarence Cook Little alimpandisha jike namba 57 kwa dume namba 52, wote wawili wakitoka katika kundi la Abbie Lathrop, mfugaji wa Granby, Massachusetts, aliyejulikana kwa kuweka kumbukumbu makini za panya wake. Wazao weusi wa jike huyo ndio waliokuwa chimbuko la nasaba hiyo. Kwa hiyo, namba iliyoandikwa na mfugaji inaendelea kutajwa katika maandishi ya kisayansi zaidi ya karne moja baadaye.

Mwaka 1929 Little alianzisha Jackson Laboratory huko Bar Harbor, Maine. Moto wa mwaka 1947 uliteketeza sehemu kubwa ya maabara hiyo pamoja na panya wake, na nasaba zilirejeshwa kwa msaada wa watafiti wa mahali pengine waliokuwa wamekwisha kupelekewa panya kutoka hapo. Urejeshaji wa namna hiyo huwezekana tu pale utambulisho wa wanyama unapokuwa umehifadhiwa kwa uaminifu.

Kwa miongo mingi kumbukumbu hizo ziliwekwa katika kadi zilizobandikwa kwenye vizimba na katika madaftari. Baadaye zikahamia katika lahajedwali, na hatimaye katika programu maalumu. Miongoni mwa programu za chanzo huria ni JCMS, iliyotengenezwa na Jackson Laboratory, na MausDB, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Helmholtz karibu na mji wa München, Ujerumani. Zipo pia programu kadhaa za kibiashara.

Hata hivyo, kumbukumbu na ratiba ni vitu viwili tofauti. Kumbukumbu hueleza yaliyotokea. Ratiba hueleza yanayopaswa kufanyika, nani ayafanye na kwa wakati gani. Kundi linaweza kuwa na hifadhidata nzuri ya nasaba na bado likawa na watoto waliopitiliza siku ya kuachishwa, majike yaliyopata mimba isiyokusudiwa, na viinitete vilivyopita umri uliohitajika. Makala hii inahusu upande huo wa pili.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Neno panya katika Kiswahili hubeba wanyama wengi. Msomaji wa Morogoro anaposikia utafiti wa panya huenda akamfikiria panya buku, anayefunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Katika makala hii, panya ni yule mdogo wa spishi ya Mus musculus, ambaye akiwa mzima huwa na uzito wa takriban gramu 20 hadi 40.

Kundi ni jumla ya panya wa nasaba moja au zaidi wanaofugwa na kuzalishwa pamoja kwa mpango maalumu. Uzao ni watoto wote waliozaliwa kwa mara moja na jike mmoja. Kazi ni kitendo chochote kinachopaswa kufanywa na mtu juu ya mnyama, uzao, kizimba au chumba. Dirisha la kazi ni kipindi kati ya wakati wa mapema kabisa na wakati wa mwisho ambapo kazi hiyo bado inaleta matokeo yaliyokusudiwa.

3.0 Mwili wa Mnyama kama Chanzo cha Ratiba

Jike wa panya huingia katika joto kila baada ya siku 4 hadi 5. Akipandwa, hubaki na kizibo kigumu ukeni, ambacho hutokana na majimaji ya dume na huonekana asubuhi inayofuata. Kizibo hicho huanguka au kuyeyuka baada ya saa chache, hivyo kazi ya kukitafuta ina dirisha la asubuhi moja. Kwa desturi ya maabara, saa sita mchana ya siku kilipoonekana huhesabiwa kuwa nusu siku ya umri wa kiinitete. Mtafiti anayehitaji viinitete vya siku kumi na nusu atavipata siku kumi baadaye; akichelewa kwa siku moja, viungo alivyotaka kuvichunguza vitakuwa vimekwisha kuingia hatua nyingine.

Mimba huchukua siku 19 hadi 21. Watoto huzaliwa bila manyoya na wakiwa wamefumba macho, na kwa kawaida huachishwa kunyonya wakiwa na umri wa siku 21. Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane huanza kuwa na uwezo wa kuzaa. Kwa sababu hiyo, kuwatenganisha madume na majike wakati wa kuachisha ni kazi isiyovumilia kusahauliwa. Ndugu waliobaki pamoja watapandana, na uzao utakaotokana nao hautakuwa na nafasi katika mpango wa utafiti.

Jambo linaloipa ratiba ya panya ugumu wake wa pekee ni kwamba jike huingia tena katika joto ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Akiwa bado na dume kizimbani, anaweza kushika mimba ya pili siku ileile anapoanza kunyonyesha uzao wa kwanza. Hivyo, uzao wa pili unaweza kuzaliwa katika siku zilezile ambazo wa kwanza unapaswa kuachishwa. Saa mbili za kibayolojia zinakutana katika kizimba kimoja, na mtu ndiye anayepaswa kuzitenganisha.

Vilevile, kazi ya mahali pamoja inaweza kuharibu kazi ya mahali pengine. Mwaka 1959 mtafiti wa Uingereza Hilda Bruce alionyesha kwamba jike aliyepandwa hivi karibuni anaweza kupoteza mimba yake akikutana na dume mgeni. Kwa hiyo, kumwingiza dume mwingine katika kizimba cha jike huyo, hata kwa nia ya kubana nafasi, ni kosa ambalo programu inapaswa kulitolea onyo.

4.0 Muundo wa Kazi katika Programu

4.1 Mhimili wa kazi

Swali la kwanza katika usanifu wa ratiba ni hili: kazi imefungwa kwa nani? Kubadilisha matandiko ni kazi ya kizimba. Kuachisha ni kazi ya uzao. Kuchukua kipande kidogo cha sikio kwa ajili ya kupima jeni huanza kama kazi ya uzao, lakini matokeo yake ni ya mnyama mmojammoja. Kudunga dawa ni kazi ya mnyama. Kumwondoa dume ni kazi ya jozi iliyopandishwa.

Tofauti hizo huonekana ndogo mpaka mnyama ahamishwe. Ikiwa sindano ya dawa imefungwa kwa kizimba namba 12 na mnyama amehamia kizimba namba 30, mhudumu atakayefuata ratiba ataenda namba 12 na kumdunga mnyama asiyehusika. Kinyume chake, kazi ya kubadilisha matandiko ikifungwa kwa mnyama, kizimba cha wanyama watano kitaonekana kuwa na kazi tano za namna moja. Programu iliyosanifiwa vyema huiacha kila kazi ifuate mhimili wake: mnyama akihama, kazi zake huhama naye; akifa, kazi zake hufungwa pamoja na sababu ya kifo.

4.2 Tukio, kiolezo na dirisha

Kazi nyingi za ufugaji hujirudia kwa mpangilio uleule, na kwa hiyo hupangwa kwa kiolezo. Kiolezo cha uzazi hueleza, kwa mfano, kwamba tukio la kuonekana kizibo linazaa kazi tatu: kuthibitisha mimba, kuamua kuhusu dume, na kukagua uzazi kuanzia siku ya 19. Tukio la kuzaa linazaa nyingine: kuhesabu watoto, kuchukua sampuli za sikio, na kuachisha. Mhudumu huingiza tukio moja tu, na programu hukokotoa tarehe zilizobaki.

Kila kazi katika kiolezo inahitaji dirisha, kwani tarehe moja haitoshi. Kubadilisha matandiko kunaweza kusogezwa kwa siku moja bila madhara makubwa, ilhali kutafuta kizibo hakuwezi kusogezwa hata kidogo. Kuachisha kunaweza kuchelewa kidogo iwapo watoto ni dhaifu, lakini si iwapo uzao mwingine unasubiriwa. Programu isiyojua tofauti hizo huzipa kazi zote rangi moja ya hatari zinapopitwa na wakati, na mhudumu hukosa namna ya kujua aanze na ipi.

4.3 Ukokotoaji upya

Tarehe inayotarajiwa ni makisio. Kizibo huthibitisha kwamba wanyama wamepandana, lakini hakithibitishi mimba. Jike akizaa siku ya 20 badala ya 19, kazi zote zinazofuata zinapaswa kusogea kwa siku moja. Asipozaa, zinapaswa kufutwa na nafasi yake ichukuliwe na swali: je, jozi hii ipandishwe tena au jike abadilishwe? Hata hivyo, kazi ambayo mtafiti ameisogeza kwa mkono wake, kwa sababu aliyoiandika, isibadilishwe na mashine kimyakimya. Programu imwonyeshe tarehe mpya na kumwachia uamuzi.

5.0 Mfano: Uzao Mmoja na Sikukuu ya Pasaka

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila tarehe zake ni za kalenda halisi ya mwaka 2025. Tuseme jike na dume waliwekwa pamoja jioni ya Alhamisi, tarehe 6 Machi. Walipandana usiku wa kuamkia Jumapili, na kizibo kikaonekana asubuhi ya tarehe 9 Machi. Hapo tayari kuna funzo la kwanza: laiti ukaguzi wa Jumapili usingepangiwa mtu, tukio ambalo ratiba nzima inalitegemea lisingeonekana.

Siku ya 19 baada ya hapo ni Ijumaa, tarehe 28 Machi. Jike akizaa siku hiyo watoto 7, sampuli za sikio zitachukuliwa wakiwa na wiki mbili, yaani tarehe 11 Aprili, na watoto wataachishwa siku ya 21, ambayo ni tarehe 18 Aprili. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu.

Programu nyingi za ofisi zina kanuni inayoonekana kuwa ya busara: kazi ikiangukia sikukuu, isogezwe hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa kuwa Ijumaa Kuu hufuatiwa na mwisho wa wiki na Jumatatu ya Pasaka, kanuni hiyo itaipeleka kazi ya kuachisha hadi Jumanne, tarehe 22 Aprili. Katika skrini, kila kitu kitaonekana sawa. Hakuna kazi iliyochelewa, kwa sababu tarehe yenyewe imebadilishwa.

Kizimbani hali ni nyingine. Ikiwa dume hakuondolewa na jike alipandwa tena usiku wa tarehe 28 Machi, uzao wa pili unatarajiwa kati ya tarehe 16 na 18 Aprili. Tuseme ulizaliwa tarehe 17 ukiwa na watoto 8. Kufikia Jumanne asubuhi kizimba kitakuwa na wazazi 2, watoto 7 wenye siku 25 wanaokimbia huku na huko, na watoto 8 wa siku 5 wasioweza kujitetea, jumla wanyama 17 katika nafasi ambayo kwa kawaida huruhusiwa panya wazima 5. Wadogo watakanyagwa na kunyang'anywa maziwa. Baadhi yao watakutwa wamekufa. Kumbukumbu itaandika kwamba uzao ulikuwa na vifo vingi, na mtafiti anaweza kudhani kwamba jeni anayoichunguza ndiyo iliyowaua.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo. Kuchelewa kwa siku nne kumewatesa wanyama, na wakati huohuo kumeingiza uongo katika data bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Mgongano huo ungeweza kuonekana tarehe 9 Machi, siku 40 kabla. Programu inayokokotoa mnyororo mzima tangu kizibo kilipoingizwa ingegundua kwamba siku ya kuachisha huenda ikaangukia katika mapumziko ya Pasaka, na ingetoa njia mbili. Ya kwanza ni kumwondoa dume kabla ya tarehe 28 Machi, ili mimba ya pili isitokee. Ya pili ni kumpangia mhudumu zamu ya Ijumaa Kuu. Kumwachisha mtoto kabla ya siku ya 21 si njia ya mkato inayofaa, kwani mara nyingi itifaki iliyoidhinishwa na kamati ya maadili huweka umri wa chini. Uamuzi wa tarehe 9 Machi ni mwepesi. Ule wa tarehe 22 Aprili umekwisha kuchelewa.

6.0 Ufuatiliaji wa Kazi

Kupanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kilichotendeka. Orodha yenye hali mbili tu, yaani imefanyika na haijafanyika, haitoshelezi mahitaji ya kundi. Kwa uchache zinahitajika hali tano: imepangwa, imewadia, imefanyika, imeahirishwa na imefutwa. Kazi iliyoahirishwa lazima iwe na sababu, tarehe mpya na jina la aliyeidhinisha. Kazi iliyofutwa lazima ieleze tukio lililoifuta. Katika mfano wa Pasaka, kosa halikuwa kusogezwa kwa kazi peke yake, bali kusogezwa bila alama yoyote ya kwamba kulikuwa na kusogezwa.

Aidha, programu inapaswa kutenganisha tarehe ya kutendeka na tarehe ya kuingizwa. Mhudumu aliyevaa glavu ndani ya chumba safi mara nyingi huandika kwenye kadi ya kizimba na kuingiza taarifa jioni au kesho yake. Kama programu inachukua saa ya kuingiza kuwa ndiyo saa ya tukio, uzao uliozaliwa Jumamosi utahesabiwa kuwa wa Jumatatu, na umri wa kila mtoto utakuwa na kosa la siku mbili katika maisha yake yote.

Ufuatiliaji una upande wa kimaadili pia. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliweka misingi mitatu ambayo mpaka leo huongoza matumizi ya wanyama katika utafiti: kuwabadilisha kwa mbinu nyingine inapowezekana, kupunguza idadi yao, na kuboresha namna wanavyotendewa. Kila uzao unaozaliwa bila kuhitajika ni ukiukaji wa msingi wa pili. Kila kizimba kilichofurika ni ukiukaji wa wa tatu. Hivyo basi, ripoti ya kazi zilizochelewa inapaswa kumfikia daktari wa mifugo na kamati ya maadili, isiishie kwa msimamizi wa chumba.

7.0 Changamoto za Matumizi

Changamoto ya kwanza ni tiki ya mazoea. Wanyama wa maabara wanapaswa kukaguliwa kila siku, ikiwemo mwisho wa wiki na sikukuu. Programu ikidai tiki kwa kila kizimba katika chumba chenye vizimba 200, mhudumu atatafuta njia ya kuzibonyeza zote kwa pamoja, na tiki hizo hazitakuwa ushahidi wa kitu chochote. Ni afadhali mhudumu atie saini moja ya chumba na kuandika vizimba vyenye tatizo pekee, kwa maelezo yanayoeleweka.

Changamoto ya pili ni wingi wa vikumbusho. Mtu anayepokea vikumbusho 60 kwa siku huacha kuvisoma. Kipaumbele kinapaswa kuanza na mnyama anayeumia, kikifuatiwa na kazi ambazo dirisha lake halirudi, kisha kazi zinazoweza kusogezwa. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipopunguza idadi ya watumishi walioruhusiwa kuingia kazini, maabara nyingi za Ulaya na Marekani zililazimika kupunguza makundi yao na kugandisha viinitete na shahawa. Maabara iliyokuwa imekwisha kuainisha kazi zake ilijua ipi iachwe na ipi isiachwe.

Changamoto ya tatu inawahusu watumiaji wa Kiswahili moja kwa moja. Saa 2 asubuhi kwa mhudumu ni 08:00 katika programu, na saa 8 mchana ni 14:00. Dawa iliyoandikwa kwenye kadi kuwa imetolewa "saa 8" inaweza kuingizwa kama 08:00, na dozi inayofuata ikatolewa saa sita kabla ya wakati wake. Ni lazima kituo kichague namna moja ya kuandika saa na kuibandika ukutani, au programu iruhusu kuingiza saa ya Kiswahili na kuigeuza yenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa siku ya kuzaliwa: vituo vingine huihesabu kuwa siku ya 0, vingine siku ya 1, na tofauti hiyo hubadilisha tarehe ya kuachisha.

Changamoto ya nne ni umeme na intaneti. Programu inayotegemea seva ya mbali hunyamaza mtandao unapokatika, lakini panya hawasubiri. Tahadhari rahisi ni kuchapisha kila jioni orodha ya kazi za siku mbili zijazo na kuiacha chumbani. Kadi ya kizimba, hata yenye msimbopau, ibaki inasomeka kwa macho.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba upangaji wa kazi katika kundi la panya ni kazi ya kufungamanisha matukio ya mwili wa mnyama na wajibu wa watu. Programu hufaa pale inapojua mhimili wa kila kazi, inapokokotoa mnyororo mzima tangu tukio la kwanza, inapotofautisha dirisha linalorudi na lisilorudi, na inapokataa kuahirisha kazi bila sababu iliyoandikwa. Kituo kinachotaka kuanza hakihitaji kwanza programu ya gharama kubwa. Kinaweza kuanza kwa kuorodhesha kazi zake, kuandika dirisha la kila moja, na kuilinganisha orodha hiyo na kalenda ya sikukuu za mwaka. Zoezi hilo litabainisha ni siku zipi ambazo wanyama watamhitaji mtu, na mtu hayupo.